Brembo za STI kwenye Forester, zinasimamisha gari mapema kweli?

Kwa breki moja ya ghafla, hapana. Nimetoa breki za kawaida za Forester yangu nikafunga Brembo, zile breki kubwa za Subaru Impreza STI (Impreza ya mwendo kasi), mbele kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni 4 na diski za milimita 326, na raha yake ipo bwana, pedali imekaza, ukigusa tu gari inashika, ndo maana watu wanaapa kwamba inasimama karibu zaidi. Ila anayesimamisha gari mwisho wa siku ni tairi na lami. Kama zile za zamani ukikanyaga kwa nguvu ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) ilikuwa inaanza kutetema mguuni, basi tairi ilishafika mwisho wake, weka diski kubwa hata kama sinia la pilau utafika palepale tu.

Pesa yangu nimeiona Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa. Kushuka pale na mzigo breki za zamani zilikuwa zinanuka, pedali inalegea, unaanza kuomba Mungu, sasa hivi hamna kitu, diski kubwa inameza joto na kulipoza vizuri (gia ndogo bado naweka, sijachanganyikiwa).

Gharama haziishii kwenye kalipa lakini, rimu za inchi 16 haziingii, uanze kutafuta 17 zenye nafasi na tairi zake.

Kama ni mizunguko ya mjini, Posta Mbezi na foleni, nunua tairi nzuri, pedi za maana, badili na mafuta ya breki, chenji inabaki.