Mtumbwi wa mashindano: msasa au grisi?

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mashindano ya mitumbwi yakikaribia, wapo wanaopaka grisi chini ya mtumbwi ili uende kasi, na wapo wanaosugua kwa msasa. Mimi ni wa msasa.

Grisi inateleza mkononi, kweli, lakini mtumbwi ukiburutwa ufukweni inanasa mchanga, na hizo punje ndizo zinazokurudisha nyuma. Tena inabaki ziwani, maji tunayokunywa!

Msasa unachosha. Kwanza kaza pamba kwenye maungio ya mbao. Sugua kwa msasa namba 120, paka rangi ya mafuta, ikauke vizuri, kisha sugua tena kwa msasa laini zaidi, namba 400, ukitumia maji. Funga macho, papasa kwa kiganja: ukihisi ungio la mbao, rudia.

Grisi ni dakika 10 tu, lakini mimi nabaki na msasa.