OBS Studio imemaliza kero ya sura kuvutwa kwenye simu za video, ila kuna vitu vya kujua kwanza

Niseme mapema kabisa, OBS Studio ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na kwangu mimi ndio programu iliyomaliza hii shida ya uso kupanuka au kubanwa ukiwa kwenye simu ya video. Wengi wanaijua kama programu ya watu wa kurusha laivu na kurekodi gemu, ila tangu 2020 walipoiwekea kamera pepe ndani kwa ndani, yani Zoom au kivinjari kinaiona kama kamera nyingine tu ya kawaida, imepata kazi ya pili ambayo naona haisifiwi vya kutosha.

Tuelewane tatizo lenyewe kwanza maana watu wanachanganya sana. Kamera inaweza kutoa picha ya pikseli 640 kwa 480, hiyo ni uwiano wa 4:3 (upana kwa urefu), wakati boksi la programu unayopigia ni 16:9, lile pana. Hapo programu ina njia tatu tu, iweke mistari myeusi pembeni, ikate juu na chini, au ivute picha ijae. Mbili za kwanza zinakera lakini sura inabaki yako, hiyo ya tatu ndio inaongeza upana wa uso kwa theluthi moja nzima na hakuna taa wala pozi litakalokusaidia.

Kwa nini kamera iliyoandikwa 1080p kwenye boksi lake itoe 640 kwa 480? Mara nyingi ni USB bana. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde na hapo ni kwenye karatasi, kiuhalisia unapata chini ya hapo. Picha ya 1920 kwa 1080 ikitumwa bila kubanwa, yani data yake bila kupunguzwa, fremu 30 kwa sekunde, kwa mfumo wa kawaida wa YUY2 inataka karibu megabiti 1000, haipiti. Hata 1280 kwa 720 inataka kama 440, inabanana. Ile 640 kwa 480 inataka 147 tu, inapita bila shida, kwa hiyo programu isipoomba picha iliyobanwa, ile MJPEG, inaangukia huko chini na uwiano unabadilika kimyakimya. Ndio maana kamera hiyohiyo inaonekana safi kwenye programu moja na kwenye nyingine inakuvuta, na watu wanakimbilia kununua kamera mpya wakati ya zamani ni nzima kabisa!

Kabla hujapakua chochote fanya jaribio hili, shika kitu cha duara kama sahani katikati ya picha, kiangalie kamera sawasawa, sio pembeni maana lenzi pana zinapinda vitu vya pembeni. Duara likionekana yai basi uwiano umeharibika. Likibaki duara ila pua yako bado kubwa, hapo umeisogelea kamera mno, rudi nyuma kidogo, hakuna setingi ya kutibu hiyo.

Sasa OBS yenyewe. Ninachoipendea ni kwamba unarekebisha sehemu moja, kabla picha haijafika kwenye programu ya simu za video, kwa hiyo zote zinapokea kitu kilekile. Unaingia setingi za video unaweka kanvasi, yani lile eneo unalopangia picha, 1280 kwa 720 na ukubwa wa kutoka uwe huohuo, unaongeza kamera yako kama chanzo, alafu kwenye sifa za hicho chanzo usiache rezolusheni ijichagulie, chagua mwenyewe 1280 kwa 720 na kama kuna sehemu ya mfumo wa video weka MJPEG. Bonyeza Ctrl+F picha itakaa ndani ya kanvasi bila kuvutwa. Kama kamera yako ni ya zamani inatoa 4:3 tu, shika Alt uburute ukingo wa juu na wa chini kukata, kisha ikuze kwa kuvuta kona, sio kwa kuvuta pembeni, kona inalinda uwiano na pembeni inauvunja. Ukiharibu, Ctrl+R inarudisha ilivyokuwa. Ukimaliza washa kamera pepe, nenda kwenye programu ya simu uichague.

Angalieni sana Ctrl+S. Kwenye programu karibu zote ni kuhifadhi, humu ni kuvuta chanzo ulichokichagua kijaze kanvasi, yani mkono wenye mazoea unazalisha ugonjwa uleule uliokuja kutibu. Hii naihesabu kasoro ya kweli, kwa sababu OBS inajihifadhi yenyewe na hauhitaji kubonyeza chochote.

Kasoro nyingine, ukisahau kuwasha kamera pepe wenzako hawakuoni. Ukiwa umeshaiwasha huwezi kubadilisha ukubwa wa kanvasi mpaka uizime. Na kwenye Windows kamera mara nyingi inashikwa na programu moja, kwa hiyo kama programu ya simu iliwahi kuikamata, OBS itakuonyesha weusi mtupu, funga zote, fungua OBS kwanza. Picha pia inachelewa kidogo kuliko sauti maana inapita njia ndefu, mimi hainisumbui kwenye maongezi lakini mtu anayefundisha muziki atailalamikia.

Na sio kila mtu anaihitaji, nasema ukweli. Zoom ina sehemu ya kuchagua uwiano wa asili na HD kwenye setingi zake za video, ikikutosha ishia hapo. Mtu anayepiga kwa simu aliyoishika wima ataonekana na mistari myeusi pembeni kwenye skrini pana, huyo alaze simu tu basi. OBS ni ya yule anayeruka kati ya programu tofauti kila siku na kila moja inampa sura yake.

Kwa laptopu isiyo na nguvu inaweza kuwa nzito, feni inaanza kulia. Weka fremu 30 sio 60, na ukishapanga picha yako bonyeza kitufe cha kulia juu ya ile picha ya katikati uzime onyesho, kamera pepe inaendelea kufanya kazi kama kawaida na kompyuta inapumua.