Mkulima wa mwani: kamba za mnunuzi au sanduku la kikundi?

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989, wanawake wengi wameanzia kwa mnunuzi: anakupa kamba na taitai, vijikamba vya kufungia mwani, bila ya fedha, nawe unamuuzia yeye tu. Wepesi wake siukatai. Asiye na kitu anaingia baharini bamvua hili hili, maji yanapokupwa sana. Lakini bei anaipanga yeye, na mzigo wako huna pengine pa kuupeleka.

Kikundi cha hisa, ambamo wanachama huweka akiba na kukopeshana, kinataka subira. Kila wiki mnakaa mkekani, sanduku lina kufuli tatu, funguo wameshika wanawake watatu, hakuna awezaye kulifungua peke yake. Riba mnayolipa inarudi kwenu mnapogawana mwisho wa mzunguko. Nimemuona mama akifungua ncha ya kanga, akatoa noti zilizokunjwa kunjwa, zinanuka chumvi. Mkopo wake ulikuwa wa kununua kamba zake mwenyewe.

Mimi nachagua sanduku. Ila maji yakipata joto, kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, ikaoza, wanachama wote hukosa kwa pamoja. Hapo marejesho yangoje mavuno mengine. Kumuuzia mtu kitanda chake ili deni lilipwe ni dhulma.