TAHADHARI: Wauza mashine za maji ya akwariamu wanaokuja na demo ya vyuma kwenye glasi

Jamani habari zenu. Naandika hii hasira bado ninazo ila nimejitahidi kuipanga ili mtu aelewe, maana juzi kwenye grupu la WhatsApp la mtaa nimemuona dada mwingine anaulizia bei ya mashine ileile niliyouziwa mimi, picha ileile, maneno yaleyale, "RO hatua 5, salama kwa samaki na familia, ofa wiki hii tu". (RO ni mashine ya kuchuja maji mpaka chumvi inatoka.) Kama una akwariamu ndogo nyumbani na unategemea maji ya kisima, soma hii kabla hujatuma hata mia.

Jina la ukurasa wa huyo muuzaji silitaji kwa sababu ameshalibadilisha mara mbili toka nianze kumfuatilia, leo anaitwa hivi kesho vile, kwa hiyo mkishika jina atawapita. Shikeni mchezo wenyewe unavyochezwa.

Mimi nakaa Tabata, hapa Dar. Maji ya DAWASA kwetu ni ya mgao, yakikata tunatumia kisima, na kisima chetu kina chumvi, birika la chai wiki mbili tu ndani lina ukoko mweupe kama chokaa. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana akwariamu ya lita 60 aliyonunuliwa na babu yake, ndani kulikuwa na samaki wadogo, gapi 9 na neon tetra, na hao neon ndio walioniingiza kwenye haya yote maana walikuwa wanakufa mmoja mmoja, walianza 10 wakabaki 5. Nilipomuuliza huyu muuzaji akaniambia tatizo ni chumvi, neon asili yao ni mito ya Amazon huko Amerika ya Kusini, wamezoea maji laini yenye madini kidogo, kisima chako hawakiwezi. Na hilo ni kweli kabisa. Ndio maana nilinasa, jamaa alianza na ukweli.

Akaja nyumbani mwenyewe, kijana nadhifu, fulana ina nembo, anaongea kwa adabu, "dada yangu usinunue kwa maneno, nunua kwa macho yako". Akaomba glasi mbili. Moja akajaza maji ya kisima chetu, nyingine akamimina maji kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akasema hayo yametoka kwenye mashine yake. Akatoa kidude chenye vyuma vinne, viwili kila glasi, akachomeka kwenye soketi ya ukutani. Haikufika dakika maji yetu yakaanza kugeuka, kijani, halafu kahawia, halafu povu chafu juu na makapi yanazama chini, wakati glasi yake imetulia nyeupe pee. Mama mkwe alikuwepo, akashika mdomo, "kumbe ndio tunayokunywa haya?" Mtoto naye ananiuliza, mama, samaki wangu wanakaa humo? Mtu gani atabisha hapo. Nikatuma 420,000 palepale.

Sasa sikilizeni, maana hii nimekuja kuelezwa baadaye na jirani yetu, mzee mmoja mstaafu anayefuga samaki siku nyingi. Kwenye kila jozi, chuma kimoja ni kile cha kawaida kinachoshika kutu. Umeme ukipita kwenye maji chuma kile kinaliwa, kinaingia kwenye maji, na ule ukahawia mnaouona ni kutu ya vyuma vyake yeye, sio uchafu uliokuwemo. Umeme unapita vizuri penye chumvi na madini, maji yasiyo na madini karibu hayapitishi kitu, basi glasi yake ikabaki safi. Maana yake hata ungeweka maji ya chupa ya dukani yenye madini, ambayo ni salama kabisa kunywa, nayo yangegeuka matope mbele yako.

Mzee alinionyesha kwa betri ya bodaboda na misumari miwili (jamani msijaribu na umeme wa ukutani, yule kijana alikuwa anahatarisha watoto wetu pia). Maji ya kisima yakageuka kahawia. Maji ya dumu ya kunywa, kimya. Halafu akachukua chumvi ya mezani kidole kimoja akatia kwenye lile la dumu, akakoroga, akarudisha misumari, yakachafuka vilevile mbele ya macho yangu. Nilikaa kwenye kigoda nikashindwa kuongea, maana chumvi ipo jikoni kwangu siku zote na ile siku ningeitia kwenye glasi yake tu nisingepoteza pesa.

Turudi kwenye mashine. Ilifungwa Jumamosi jikoni, haina waya wa umeme, bomba moja linaingia, bomba moja linatoka, na maji yanakuja kwa kasi, ndoo ya lita 20 dakika nne imejaa. Mimi nikafurahi. Fundi wake akaniambia toa maji yote ya zamani kwenye akwariamu, osha mchanga vizuri na maji ya mashine, na hiyo filta ya sponji inayobubujika itoe kabisa, inahifadhi uchafu, mashine yetu inafanya kazi yote. Nikafanya alivyosema, neno kwa neno.

Jumanne samaki wako juu wote, midomo inahema kwenye uso wa maji, mashavu yamekuwa mekundu. Jumatano asubuhi mtoto ameamka kujiandaa na shule akakuta 8 wanaelea. Mpaka Alhamisi wamekufa 11 kati ya 14, neon wote na gapi 6. Sijawahi kumuona mwanangu analia bila sauti vile.

Kilichowaua sio chumvi. Samaki wanakunya na kukojoa humohumo, na chakula kinachobaki kinaoza, vyote vinatoa amonia ambayo ni sumu kwao. Kwenye ile sponji na mchanga kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu naitreti ambayo ni nafuu na unaitoa kwa kubadilisha maji kidogo kila wiki. Bakteria hao wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye akwariamu mpya. Mimi kwa ushauri wa yule fundi niliwatupa wote siku moja. Mashine yoyote ya bombani, hata iwe ya milioni tano, inasafisha maji kabla hayajaingia kwa samaki, baada ya hapo haijui kinachoendelea mle ndani, kwa hiyo muuzaji akikwambia uondoe filta ya ndani ya akwariamu huyo ama hajui kitu ama hajali, na vyote viwili vinaua.

Nikampigia. Kwanza, "dada hao samaki walikuwa wagonjwa tayari." Kesho yake, "maji yako mazito sana, ongeza kadriji nyingine ya kuchujia, 120,000 tu kwa sababu ni wewe." Nikasema njoo kwanza uangalie. Akaniblock.

Ndipo yule mzee akaja, hakuuliza mengi, akaangalia chini ya sinki akasema, mwanangu, bomba la maji taka la hii mashine liko wapi? Nikasema halipo. Akasema basi hii sio RO. RO inasukuma maji kupita kwenye membreni, yaani utando wa kuchujia, safi yanatoka upande mmoja, na yenye chumvi yote lazima yatoke upande wa pili yaende kwenye mtaro, kwa mashine hizi ndogo za nyumbani mara nyingi lita 3 au 4 zinamwagwa ukipata lita 1 safi. Akatoa kipima TDS, kile kama kalamu, kinachopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Kisima, 1,640. Maji yanayotoka kwenye mashine, 1,610. RO nzima inayofanya kazi inaondoa asilimia 90 na kitu ya hivyo vilivyoyeyuka. Laki nne na ishirini zimepunguza 30.

Tukaifungua. Membreni ya RO ni kama mkeka uliokunjwa kuzunguka kibomba chenye matobo. Ndani ya yangu kulikuwa na nyuzi nyeupe nyingi kama tambi, hiyo ni UF, aina nyingine ya chujio, sio takataka, inazuia matope na bakteria, ila chumvi inapita nayo kama hamna kitu. Kwa bei yake ya kweli na jina lake la kweli isingekuwa dhambi. Imebandikwa stika ya RO.

Na nikukumbushe ile kasi iliyonifurahisha. RO ndogo za nyumbani nyingi zinaandikwa galoni 75 kwa siku, hiyo ni kama lita 280 kwa saa 24, yaani lita 12 kwa saa, maji yanakuja kama uzi. Ndoo ya lita 20 inakula saa moja na nusu na zaidi. Ukiona inajaa kwa dakika nne, simamisha malipo. Presha pia, inataka kama baa 3 na kuendelea, wakati SimTank lililoinuliwa mita 5 linakupa nusu baa tu, kwa hiyo kwa nyumba zetu nyingi lazima iwe na pampu ya umeme. Haina waya, haina bomba la taka, inatoka kwa kasi, hiyo sio RO hata aape kwa mama yake. Na kipima TDS nunua chako, mimi changu nimepata kwa 18,000, usipimiwe na chake yeye wala usipime maji ya chupa yake, pima yanayotoka kwenye mashine iliyofungwa kwako. Ila kumbuka TDS haionyeshi klorini wala amonia, kwa hiyo namba ndogo sio ruhusa ya kumwaga maji humo moja kwa moja.

Halafu hata ungeuziwa RO ya kweli, maji yake matupu peke yake ni hatari kwa samaki, hayana madini, pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) inayumba na kushuka. Unachanganya. Na wengine hamuhitaji kabisa, mtu anayefuga wale samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika kule Kigoma, wao wanataka maji magumu yenye pH ya juu, ukiwawekea maji ya RO unawatesa. Gapi nao maji magumu wanayapenda. Muuzaji asiyekuuliza unafuga samaki gani kabla ya kutaja bei, achana naye.

Mimi sasa natumia hivi, kwa lita 60 nabadilisha lita 12 hadi 15 kwa wiki. Nanunua dumu moja la lita 20 kwenye duka la maji la hapa mtaani wanaochuja kwa RO, mzee alilipima likasoma 38, nachanganya nusu kwa nusu na kisima. Maji ya DAWASA yakija nayaacha kwenye ndoo wazi na kale kapampu ka hewa siku nzima klorini itoke, au natia dawa ya kutoa klorini. Sponji nimerudisha, mzee alinipa kipande cha sponji yake iliyokwisha kuwa na bakteria, naisuuza kwenye maji yaleyale ya akwariamu, sio ya bombani. Gapi watatu waliobaki wako hai na mmoja ana mimba.

Polisi nimepata RB, nimepeleka meseji za malipo na picha za stika na zile tambi. Mashine nimeifungia stoo kama ushahidi, sijaiuza na sitamuuzia mtu. Tumejuana watatu mpaka sasa, mmoja wa Kinyerezi mwingine Mbagala, glasi zilezile, vyuma vilevile, na Jumatatu tunaenda FCC, ile Tume ya Ushindani, pamoja. Kama alikuja na kwako nitumie meseji kabla ya siku hiyo, hata kama ulitoa advansi tu, na usifute chat zake.