Völkl M6 Mantra: ski (mbao za kuteleza kwenye theluji) za mlima mzima, nimezitumia misimu miwili

Watu wangu wa Pwani mlio Austria na Uswisi kwa kazi za hoteli, hii nawaandikia nyinyi. Sai niko nyumbani Likoni, hoteli imefungwa mpaka mwezi wa kumi na mbili, na kila wiki napata meseji, bro ninunue ski gani manake nimechoka kukodi. Mimi ni mpishi St. Anton, Austria, siku ya kupumzika ni moja tu kwa wiki, kwa hivyo sina nafasi ya kungoja hali nzuri, nikiamka mlima una barafu nateremka na barafu, umeangusha theluji mpya usiku nateremka na hiyo hiyo. Ndio maana nikataka ski moja ya kila kitu.

Zangu ni Völkl M6 Mantra, zilitengenezwa Straubing Ujerumani, modeli ilitoka 2021. Nilizinunua za mtumba za urefu wa sentimita 170, pamoja na baindingi, kile kifaa cha kufunga buti kwenye ski, euro 380. Upana wa pua milimita 135, kiuno 96, mkia 119. Hiyo 96 ndio iangalieni sana. Ski ya kiuno chembamba, tuseme 80 hivi, inageuka haraka sana kwenye theluji ngumu lakini ikifika kwenye theluji ya unga inazama, na ile pana ya 110 inaelea vizuri lakini asubuhi kwenye barafu unaibeba kwa magoti kutoka ubavu huu mpaka ule, jioni miguu imekwisha. 96 iko katikati na kwa mtu wa siku moja kwa wiki mimi naona hapo ndipo penyewe.

Sasa umbo. Ukiilaza sakafuni na kuitazama kwa ubavu, omo (ile pua) imeinuka na tezi (mkia) imeinuka kidogo, kama dau lililopwelewa mchangani, ila pale katikati chini ya buti imejikunja kwenda juu, haigusi sakafu mpaka uikanyage. Ukisimama juu yake ule mkunjo unabonyea, makali yote ya chuma ya pembeni yanashika chini. Omo ndiyo inayopanda juu ya theluji laini badala ya kuchimba, mkunjo ndio unaokupa nguvu ya kushika barafu. Ndani ni kiini cha mbao na fremu ya titanali, hiyo ni aloi ya alumini, imepita pembezoni kufuata makali badala ya kufunika ski nzima, kwa hivyo unapata uzito na utulivu wa chuma pale unapouhitaji. Ile siku ya kwanza saa tatu asubuhi kule Galzig, mlima wa St. Anton, pisti (njia ya kuteremkia) imekuwa kama kioo, nikaegemea upande wa kushoto nikisubiri ile tetemeko niliyoizoea kwenye ski za kukodi, haikuja. Nilisikia tu sauti ya makali yanakata, krrrr, ndefu, moja kwa moja mpaka mwisho wa kona. Wallahi nilisimama pembeni nikageuka kuangalia alama nilizoacha, mistari miwili myembamba kama imechorwa na rula.

Kitu kingine, ubavu wake haukukatwa kwa duara moja, mbele na nyuma duara ni kubwa, katikati ni dogo. Ukiinamisha kidogo inakwenda kona ndefu za kasi, ukiinamisha sana inakaza na kugeuka fupi. Yaani wewe ndio unaamua.

Lakini tusidanganyane, si ski ya mwanafunzi. Inataka uegemee mbele, miundi iguse buti, ukikaa nyuma inakwenda inakotaka yenyewe, na kwenye vichuguu vya theluji utalijua hilo mapema. Kama bado unashuka kwa kufungua ski umbo la V, endelea kukodi msimu mmoja tena. Kama unashuka pisti nyekundu, zile za ugumu wa kati, bila kuwaza na umeanza kutoka nje ya pisti, basi hizi zitakufundisha.

Urefu nao mniskize. Kuna duka, silitaji, muuzaji aliniangalia tu akaniuzia ski za 184 za aina nyingine, eti mwanaume haendi na fupi. Mimi ni sentimita 174, kilo 76. Msimu mzima nilikuwa napigana nazo, nikaziuza kwa hasara. Kwa Mantra 170 ndio imenikaa, anayekwenda kasi sana achukue 177.

(Mtu akiniambia huu si mchezo wetu namkumbusha Sabrina Simader, kazaliwa Kilifi hapo, 2018 akateremka kwenye Olimpiki ya Pyeongchang na bendera yetu. Mimi kumuona yule ndio nilijiambia nitanunua buti zangu mwenyewe.)

Ukija nazo Mombasa, chumvi. Mwaka wa kwanza niliziacha kwenye begi la nailoni chini ya kitanda, mwezi mmoja tu, kufungua makali yote yamekuwa rangi ya chai. Nililia moyoni. Nikasugua kwa msasa laini siku mbili. Sasa nazikausha, napaka makali mafuta ya cherehani, chini naacha nta nene bila kuikwangua, halafu nazifunga kwa leso kuukuu ya mama, hewa inapita. Mama alipoziona mara ya kwanza akaniuliza, "Mwanangu, hizi mbao za kitanda mbona zimepinda?" Sasa yeye ndiye anayenikumbusha mafuta.

Mnaonunua mtumba, breki za baindingi (vile viguu vinavyozuia ski isikimbie ikichomoka) ziwe pana kuliko kiuno, kwa 96 tafuta za 100 hivi, na kama buti zako ni soli za GripWalk, zile zilizopinda za kutembelea kirahisi, hakikisha baindingi inazikubali. Halafu kabla ya siku ya kwanza mlimani peleka dukani wapime baindingi upya kwa uzito wako, urefu wako, umri na urefu wa soli ya buti, usipande na vipimo vya mwenyewe wa zamani.