TAHADHARI kwa wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani, Iringa hadi Tunduma: siti za mtumba zigeuze uone chini kabla ya kulipa

Wakuu, kuna biashara ya siti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook huku kwetu, na inaumiza watu kwa namna mbili. Kuna wanaotuma hela na siti hawazioni. Na kuna wanaozipata kweli, wanafungiwa kweli, gari linapendeza, halafu wanatembea na kitu ambacho siku ya breki ya ghafla kitang'oka na mtu akiwa juu yake. Hawa wa pili ndio wa kuhurumia zaidi, maana wanaamini wamenunua vizuri.

Tangazo utalijua. Picha ya siti mbili za ngozi, safi, na chini yake: "Seti kamili, zinaingia Land Rover yoyote, hakuna kutoboa, fundi anamaliza ndani ya saa moja." Muuzaji yupo Mwanjelwa, au mzigo uko Tunduma unavuka kesho, au unatoka Dar kwa basi na utaupokea stendi ya Nane Nane. Watu wa Iringa wanaambiwa Igumbilo. Ukiuliza swali la kiufundi unajibiwa, "Kaka, hizo tumeshafunga nyingi."

Tuanze na hilo la "hakuna kutoboa". Hakuna siti ya Forester, Impreza wala Mark II inayokaa kwenye Land Rover 109 (ile ndefu ya zamani) bila kuchongewa braketi, yaani vyuma vya kuishikilia chini. Sakafu ya magari zinakotoka siti hizo ina mwinuko katikati na vikalio vyake maalumu, kwa hiyo miguu minne ya siti haiko usawa mmoja: wa ndani na wa nje hupishana kimo, na mara nyingi wa mbele umekunjwa tofauti na wa nyuma. Boksi la siti la Land Rover, lile siti inalokalia, ni bapa. Anayekwambia inaingia moja kwa moja hajawahi kufunga hata moja, au anajua na anategemea wewe hujui. Kazi yote iko kwenye braketi, na braketi ndiyo asiyokuonyesha pichani.

Lile boksi ni bati la aluminiamu. Kiwandani lilikusudiwa kubeba mto mwepesi na mgongo mwepesi. Siti ya kisasa ina fremu ya chuma, reli na mitambo ya kulaza. Moja ya mbele huwa na kilo 15 hadi 25. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 17, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka siti na vifungio vyake vihimili msukumo wa mara 20 ya uzito wake. Siti ya kilo 20 hapo inavuta kama kilo 400, bila mtu. Sasa angalia kifungio cha mkanda, kile unachochomeka ulimi: kwenye magari mengi ya kisasa kimefungwa kwenye fremu ya siti yenyewe, siyo kwenye bodi. Maana yake ukigonga, sehemu kubwa ya mzigo wa mwili wako inapita kwenye reli na bolti za siti. Kanuni namba 14, ya vishikizo vya mikanda, kwa gari dogo la abiria inajaribu kwa newton 13,500 upande wa bega na nyingine 13,500 upande wa kiuno, jumla karibu tani 2.7. Bolti nne zilizopitishwa kwenye bati la aluminiamu na washa za kawaida zitachomoka kama msumari kwenye boksi la karatasi.

Kwa hiyo kazi inayokubalika inakuwa hivi. Chini ya bati kunawekwa sahani ya chuma ya milimita 3 au zaidi, siyo vipande vinne vidogo bali sahani au flati bari inayounganisha matundu ya mbele na ya nyuma, na ikiwezekana inayoshikana na chesisi au na kuta za boksi. Juu ya bati, fremu ya engo aini ya 40 kwa 40, unene milimita 4. Bati linabanwa katikati. Bolti ni za milimita 10, na siti nyingi za Kijapani zinatumia uzi wa 1.25, kichwa cha spana 14. Kichwani lazima pawe na chapa 8.8 au zaidi, ndilo daraja la uimara wa bolti. Ukiona kichwa kitupu kisicho na namba, hiyo ni bolti ya geti. Nati ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani, washa ziwe pana, na kati ya chuma na aluminiamu pawe na rangi nzito au mpira mwembamba. Hili la mwisho watu wanalidharau, lakini kwa mvua za Rungwe na Tukuyu chuma kikigusa aluminiamu moja kwa moja, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha tundu linapanuka lenyewe.

Bolti ya kushikilia mkanda kwenye bodi ni kitu kingine kabisa: kipimo chake ni inchi 7/16, uzi mwembamba wa 20 kwa inchi. Ukiona fundi anailazimisha ile ya milimita 10 kwenye tundu la mkanda kwa kuvungia tepu ya bomba, chukua funguo zako.

Wanachofanya hawa jamaa badala yake ni skwea paipu nyembamba ya madirisha, imechomelewa kwa nukta nukta, imepuliziwa rangi nyeusi wakati bado ya moto. Kimo kikipungua wanaweka vipande vya bomba au washa tano sita moja juu ya nyingine. Huo mrundikano unafanya kazi kama mtaimbo: kadiri ulivyo mrefu ndivyo bolti inavyopindwa badala ya kuvutwa. Wengine wanatumia ribeti. Ribeti ni za kushikia bati, siti haifungwi kwa ribeti.

Kasoro nyingine haionekani hata kwa fundi asiye makini. Reli mbili za siti zinafunguliwa na mkono mmoja wa chuma na zinatakiwa kufunga zote mbili kwa pamoja. Braketi ikiwa imepinda kidogo, reli haziwi sambamba, na upande mmoja unafunga huku mwingine ukining'inia kwenye ncha ya jino. Garini unahisi iko sawa. Ukishuka mteremko wa Kitonga ukakanyaga breki kwa nguvu, upande uliofunga unabeba peke yake, unaachia, na dereva anateleza kuelekea usukani mguu ukiwa kwenye pedeli. Kupima ni rahisi: shika futi, pima kona kwa kona kwenye bolti nne, kisha kona nyingine mbili. Vipimo visipishane zaidi ya milimita 2. Halafu kaa, sogeza jino moja moja mbele hadi nyuma, na kila jino mwenzako atazame chini kwa tochi aone ndoano za pande zote mbili zimeingia. Mwisho shika mgongo wa siti juu kabisa, vuta na kusukuma kwa nguvu zote. Siti yenyewe inaweza kunesa kidogo. Bati likipumua, kazi irudiwe.

Tanki na betri. Kwenye Land Rover za Series 88 na 109 nyingi tanki la mafuta liko chini ya siti ya mbele ya kulia, yaani dereva wetu amekaa juu ya petroli. Land Cruiser za 40 za miaka ya 1960 na 1970, ni chini ya siti ya abiria wa mbele. Fundi anayekuja na drili na mashine ya kuchomelea bila kwanza kulishusha tanki, mzuie kwa sauti. Tanki tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Kwenye Defender betri iko chini ya siti ya kushoto. Reli au braketi ya chuma ikishuka ikagusa nguzo ya chanya, moto unaanzia hapo hapo, kwa hiyo nguzo hiyo ifunikwe mpira mzito na nafasi ibaki. Volkswagen Beetle ina ugonjwa wake wa aina hiyo hiyo, betri chini ya siti ya nyuma upande wa kulia, na springi za siti zikilegea zinaigusa. Pia hakikisha mfuniko wa boksi bado unafunguka. Kuna watu leo hawawezi kufikia geji ya tanki wala betri bila kufungua siti nzima.

Sasa siti zenyewe. Pembeni ya mgongo, upande wa mlango, tafuta kitambulisho kilichoshonwa: SRS Airbag. Kama kipo, chini utaona soketi ya njano. Ndani ya hiyo siti kuna eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, yenye kiwashio cha baruti, na gari lako halina kompyuta ya kuiongoza. Muuzaji atakwambia "haina shida, haijaunganishwa." Shida ipo. Fundi umeme akichomeka multimita kuangalia kama inapitisha, mkondo wake mdogo unaweza kutosha kuifyatua. Fundi akichomelea braketi siti ikiwa juu yake, mkondo unatafuta njia kupitia fremu. Na usikate waya hizo: soketi nyingi zina kibati ndani kinachounganisha waya mbili pale zinapochomolewa, ndicho kinga yake. Ukikata umeiondoa. Kama mshono wa pembeni umerudiwa kwa uzi mnene, hiyo siti imetoka kwenye gari lililogonga na eabegi ilishafyatuka, au fundi wa kava amefunga njia yake. Vyovyote vile, iache hapo hapo.

Kuna siti zilizozama majini. Sponji likioshwa na kupigwa dawa ya harufu huwezi kujua kwa juu. Geuza: springi zenye kutu ya rangi ya chungwa wakati kitambaa ni kipya, matope makavu ndani ya mfereji wa reli, na kama inakuja na mkanda wake, uvute hadi mwisho kabisa. Mstari wa tope hukaa pale ambapo mkanda hautolewi kila siku.

Mchezo mwingine ni kuuziwa siti mbili za upande mmoja. Picha inapigwa kwa mbele tu. Kifungio cha mkanda kinatakiwa kiwe upande wa ndani na mkono wa kulaza upande wa mlango. Siti zilizotoka kwenye gari la usukani wa kushoto zina marekebisho ya dereva kwenye siti ya kushoto, na huku kwetu anakaa abiria. Na kama gari lako ni la milango miwili, siti ya gari la milango minne haijikunji mbele kumpisha abiria wa nyuma. Hilo halirekebishiki kwa grinda.

Siti za umeme mimi naziona ni mapambo ya kujisumbua. Land Rover yenye dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 kwa gari zima, taa zikiwemo. Na nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Siti yenye kisanduku cha kumbukumbu, kompyuta ndogo inayokumbuka mkao wa dereva, ikiunganishwa hapo inaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Kimo pima kabla ya pesa, siyo baada. Kaa kwenye siti yako ya sasa, mtu apime kutoka kwenye boksi hadi pale mto ulipobonyea. Kisha kalia siti mpya ikiwa juu ya benchi, apime kutoka chini ya reli hadi pale pale, aongeze unene wa braketi. Tofauti yake ndiyo utakayopanda. Kati ya kichwa na paa zisibaki chini ya sentimita 5, na paja lipite chini ya usukani klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho.

Kwa anayenunua kwa mbali: omba simu ya video ya moja kwa moja, siyo video iliyorekodiwa. Mwambie aigeuze siti miguu juu, ateleze reli, aonyeshe mshono wa pembeni na soketi za chini. Mwenye mzigo anafanya hivyo ndani ya dakika mbili. Asiye nao atakuwa njiani, atakuwa na mteja mwingine, betri ya simu itaisha. Jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala lifanane na la mtu unayeongea naye. "Tuma kwa namba ya mdogo wangu" ni jibu tosha. Mzigo wa basi lipia ukishaufungua stendi, mbele ya karani wa vifurushi. Siti zilizozungushiwa nailoni nyeusi kuanzia juu hadi chini hazijafungwa hivyo kwa sababu ya vumbi. Na braketi ikichongwa mjini, dai iandikwe kwenye risiti: unene wa chuma, daraja la bolti, jina la fundi.

Kama hela imeshaondoka, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kabla mpokeaji hajatoa. Ujumbe wa tapeli na namba yake upeleke 15040. Usifute mazungumzo wala picha za tangazo, polisi watazihitaji. Kama siti zimeshafungwa kwenye gari, fungua mto au mfuniko leo, angalia vichwa vya bolti na kilicho chini ya bati; hakuna namba kichwani, hakuna sahani chini, basi mtu asikae hapo mpaka zirudiwe.