Shilingi 150 za nambari: fundi wa baiskeli wa Kongowea

Nyuma ya Soko la Kongowea, hapa Mombasa, ukishawapita wauza viazi, kuna mwarobaini mkubwa na chini yake kibanda cha mabati. Hakina bango. Utakijua kwa rimu kuukuu zilizotundikwa ukutani na watu waliokaa kwenye benchi wakingojea zamu. Fundi wa hapo sote twamwita Ami. Nimekuwa mteja wake tangu 2022, na kilichonifanya niandike leo ni kwamba wiki hii nimesikia tena watu wakisema baiskeli zisajiliwe na wenye baiskeli walipe kodi ya barabara kama wenye magari. Kusajili na kulipa kodi ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake nimeiona kwa macho yangu pale kwa Ami.

Kazi yangu ni kusambaza mikate. Saa kumi alfajiri niko bekari Majengo, napakia kreti mbili kwenye keria, nazifunga kwa mpira wa tyubu, nashika njia ya Buxton, navuka Daraja la Nyali, kisha Kongowea, Kisauni, mpaka Mlaleo. Baiskeli yangu ni Blakimamba, ringi 28, ile nyeusi ambayo kila mtu anaijua. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo: zote zafanana.

Ya kwanza iliibwa 2022, Kisauni. Niliingia dukani na mikate mkononi, nikasalimiana na mwenye duka, nikahesabiwa pesa zangu. Nilipotoka, kreti iko chini, mikate haijaguswa, baiskeli haipo. Nikaenda kituoni. Afisa wa zamu alinisikiliza vizuri, akauliza nambari ya fremu. Sina. Risiti? Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa akihamia Malindi, tulipeana mikono tu. Akanipeleka uani. Kulikuwa na baiskeli nyeusi kama kumi zimelaliana ukutani, zimeota kutu. Akaniuliza, "Hata kama yako ni moja ya hizi, utanionyesha nini nijue ni yako?" Haikuwemo. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, kwa sababu nilikuwa sina jibu.

Nilipodunduliza nikanunua nyingine, mwenye duka mmoja wa Kisauni ndiye aliyenielekeza kwa Ami, akaniambia, "Kabla hujaipanda, kaipigishe nambari."

Kazi yenyewe haichukui hata robo saa. Ami huigeuza baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu juu. Husugua rangi kwa msasa pale chini, ekseli ya pedeli inapopita, mpaka chuma kiwe cheupe. Kisha hutoa kopo la vyuma vya chapa, kila chuma na tarakimu yake, huvipanga juu ya kitambaa, hushika cha kwanza na kukigonga nyundo moja. Moja tu. Aliniambia ukigonga mara mbili tarakimu hutoka na kivuli, na tatu ikiwa na kivuli mtu ataisoma nane. Akimaliza hupaka grisi kidogo ili pasishike kutu, halafu hunawa mikono, huvaa miwani na kufungua daftari lake gumu la mistari: nambari, aina, rangi, alama yoyote ya pekee, simu ya mwenyewe, tarehe. Yangu ni 0417. Kwenye alama ya pekee aliandika "madigadi ya nyuma imebonyea kushoto", na kweli imebonyea. Hukupa na kipande cha kadi chenye nambari hiyo hiyo. Bei ni shilingi 150, mara moja, basi.

Lakini kabla ya yote huuliza umeipata wapi. Kama huna risiti, umlete aliyekuuzia au jirani anayekujua. Siku moja nilimwona akimrudisha kijana aliyekuja na baiskeli ya gia, nzuri sana, bado ina nailoni kwenye usukani. "Mwanangu, rudi na aliyekuuzia," akamwambia kwa upole. Kijana hakurudi. Ami alipoteza kazi ya siku ile, na kwangu mimi hapo ndipo thamani ya daftari lake ilipo.

Mnamo 2024 yangu iliibwa tena, safari hii Bombolulu. Nilikwenda kwa Ami kwa miguu, nimevunjika moyo. Alifungua ukurasa, akawapigia simu mafundi wenzake wanne. Wana makubaliano yao: baiskeli isiyojulikana ikiletwa, kwanza igeuzwe, isomwe chini. Siku ya tatu fundi wa Mtopanga akapiga. Ameletewa Blakimamba ibadilishwe kiti na ipigwe rangi nyekundu. Ameigeuza, ameisoma 0417. Nilipofika aliyeileta kashakimbia, upande mmoja wa fremu ni mwekundu, kengele imeng'olewa. Nilimnunulia fundi soda, nikarudi nyumbani nikiiendesha.

Kwa hiyo mimi siogopi neno kusajili. Nimesajiliwa, nimelipa, na nikafaidika. Nilichokatalia ni lile la pili, na mjadala wake ulitokea hapo hapo kwenye benchi la Ami.

Dereva mmoja wa tuktuk alikuwa ameleta baiskeli ya mwanawe. Akaniangalia na kreti zangu, akasema, "Yakhe, nyinyi mwapita bure. Mimi nalipa bima, nalipa leseni, nalipa mafuta. Wewe na mikate yako wailipia nini barabara hii?"

Nilimwambia tozo ya matengenezo ya barabara imo ndani ya mafuta. Kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 tangu Julai 2024, kabla ya hapo ilikuwa 18. Anayechoma mafuta mengi analipa mengi, na gari zito linalokula barabara ndilo linalokula mafuta. Mimi sichomi hata tone. Lakini tairi, tyubu na mnyororo ninaonunua una VAT ya asilimia 16 kama bidhaa nyingine, na barabara za mitaani ninakopita kila siku hazijengwi kwa tozo ya mafuta peke yake. Hapo hakuridhika, na sikumlaumu, maana mtu anayelipa kila siku lazima aumwe na asiyeonekana kulipa.

Kilichomtuliza ni hesabu ya mpwa wangu, anayesomea ujenzi wa barabara. Alikuwa amenipigia hesabu hiyo juu ya kifuniko cha katoni, nami bado ninacho, kimo kwenye mkoba wa spana. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walitengeneza barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakayapitisha malori juu yake mchana na usiku waone zinavyokufa. Walichokipata, kwa makadirio, ni kwamba uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili, huzidi mara kumi na sita. Sasa chukua lori linalopimwa uzito kwenye mizani pale Mariakani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli moja yenye tairi pacha kubeba tani 10. Mimi, baiskeli na mikate tukiwa tumejaa ni kilo 140, yaani kila gurudumu kilo 70. Kwa hesabu ya mpwa wangu, ekseli hiyo ya lori ikipita mara moja tu, gurudumu langu lingepaswa kupita zaidi ya mara milioni 400 ili liiumize barabara kiasi kile kile.

Yule dereva alikishika kile kifuniko cha katoni akakitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi hata mimi silipi langu. Nalilipia lori." Sijawahi kusikia mtu akiliweka jambo hili vizuri zaidi.

Na kodi ndogo kwenye karatasi si ndogo ikifika kwa mtu. Juni 2024 mswada wa fedha ulipotaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua shilingi 5,000, wenye maduka wa Mlaleo waliniuliza kila asubuhi mkate utafika ngapi. Yote mawili yaliondolewa, na mwishowe mswada mzima ukarudishwa. Lakini zile wiki nilizobeba mikate huku watu wakiihesabu kwa wasiwasi sizisahau. Mwenye kuja na kodi ya baiskeli ajue anamfuata nani: msambaza mikate, muuza samaki, soja anayerudi nyumbani kutoka lindo.

Kwingineko walishajaribu. Uholanzi walitoza kodi ya baiskeli kuanzia 1924, kila baiskeli na kibati chake cha shaba, mpaka ilipofutwa 1941. Toronto, Kanada, walitoa leseni za baiskeli tangu 1935, wakaziacha 1957 kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakivunja sheria bila kujua. Japani ndiyo iliyonifurahisha. Kule tangu 1994 sheria inamtaka mwenye baiskeli aisajili, na mara nyingi ni duka linalokuuzia ndilo linalokusajili, unabandikiwa nambari, na shabaha yake ni wizi. Nilipomsomea Ami habari hiyo alitabasamu, akaendelea kunyoosha rimu.

Jambo moja nakubaliana na wenye magari bila kubisha: mwanga. Saa kumi na nusu juu ya Daraja la Nyali ni giza na upepo, na matatu hazipunguzi mwendo. Mwenye baiskeli bila taa wala kiakisi chekundu nyuma anajitafutia kifo na anamtia dereva matatani. Ami haachi baiskeli itoke kwake bila kiakisi. Shilingi 50, na asiyekuwa nazo hukatiwa kipande cha taa ya gari iliyovunjika, kikafungwa kwa waya. Siku yangu ya kwanza nilikasirika. "Ami, nina haraka." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Haraka yako, au ya matatu iliyo nyuma yako?" Nikangoja.

Kasoro zake anazo. Hatoi risiti. Minyororo anayouza ni ile ya bei rahisi, huvutika baada ya miezi mitatu hivi, afadhali ununue wako mjini umletee akufungie. Jumamosi foleni ni ndefu, na Ijumaa hufunga saa tano na nusu mpaka saa nane. Pancha ni 50, kunyoosha rimu 150, kufungua baiskeli yote, kuosha gololi na kutia grisi mpya 600, na kazi hiyo ya mwisho hakuna anayemshinda.

Kasoro kubwa ni daftari. Liko moja tu, na mabati yanavuja. Masika yaliyopita maji yaliingia kwenye rafu, kurasa za nyuma zikalowa, wino ukatambaa. Kuna nambari ambazo sasa hazisomeki, na kila nambari iliyopotea ina mtu wake. Nilimwambia aandike kwenye simu, akasema macho yake hayaiwezi.

Basi nimenunua daftari la pili. Kila Jumapili baada ya mikate naketi kwenye benchi na kunakili, yeye akinisomea zile zilizofifia kwa kukumbuka baiskeli yenyewe: "Hiyo ni ya mwalimu wa Bakarani, kiti cha kahawia." Tumefika 0263. Kama ulipigiwa nambari kwake na hujasikia habari zako, pita na kadi yako tuiangalie.